Battle City: Siri ya ugumu wa mchezo wa vifaru walioucheza watoto wa Kasese na Bwera

Kifaru kimoja cha manjano, tai aliyezungushiwa ukuta wa matofali chini ya kioo, na vifaru ishirini vya adui vinavyoshuka kutoka juu. Kwa wengi waliokuwa watoto Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelezo hayo yanatosha kuutambua mchezo bila kutajiwa jina. Jina lenyewe, Battle City, wengi hawakulijua. Ulikuwa mchezo wa vifaru tu, na ulikuwa mgumu.

Leo mchezo huo unachezeka kwenye simu ya mkononi, na anayeurudia akiwa mtu mzima hugundua jambo lililomponyoka utotoni: ugumu ule haukutokana na uonevu wa mashine. Ulijengwa kwa makusudi, juu ya kanuni chache mno.

Ulifikaje huko?

Battle City ulitolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1985, kwa ajili ya mashine ya Famicom ya Nintendo iliyokuwa imezinduliwa miaka miwili kabla. Katika zama zake haukuuzwa rasmi Marekani wala Ulaya. Afrika Mashariki uliingia kwa mlango wa nyuma, ndani ya mashine za kuiga Famicom zilizotengenezwa Taiwan na China, pamoja na kaseti zilizojinadi kuwa na mamia au maelfu ya michezo, ilhali michezo ile ile michache ilirudiwarudiwa kwa majina tofauti. Wenye kuzitengeneza kaseti hizo waliupenda kwa sababu ni mdogo: programu na picha zake zote ni kilobaiti 24, pungufu sana ya picha moja inayopigwa kwa simu ya kisasa.

Kasese, mji uliofikiwa na reli mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, uko kwenye njia ya bidhaa zitokazo Kampala. Mbele yake ni Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako mizigo huvuka kwenda Kasindi, Beni na Butembo nchini Kongo. Mashine ya bei nafuu inayounganishwa na televisheni yoyote ilikuwa bidhaa ya kufaa njia kama hiyo. Asiyekuwa na televisheni nyumbani alilipa sarafu kibandani, na hapo ugumu wa mchezo ukawa na bei: maisha matatu yakiisha, sarafu imekwenda, na kuna wengine nyuma yako wanaosubiri zamu.

Kombora moja kwa wakati mmoja

Kanuni iliyo moyo wa mchezo huu haielezwi popote kwenye kioo. Kifaru cha mchezaji, kinapoanza, hakiwezi kuwa na kombora zaidi ya moja hewani. Mpaka kombora hilo ligonge kitu, kitufe cha kufyatulia hakifanyi kazi.

Mtoto aliyebonyeza kitufe kwa hasira alidhani pedi imeharibika. Kumbe hapo ndipo ulipo ufundi wote. Ukifyatua kutoka mbali na kukosa, unabaki mikono mitupu hadi kombora lifike mwisho wa uwanja. Ukimsogelea adui, kombora hugonga mapema nawe unapata jingine papo hapo. Kwa maneno mengine, anayesogea karibu na hatari hufyatua haraka zaidi. Mchezo unamlipa jasiri na kumwadhibu mwoga, bila kuandika neno hata moja.

Kuna nyota za kuongeza nguvu. Ya kwanza huharakisha kombora, ya pili huruhusu makombora mawili, ya tatu huwezesha kuvunja chuma. Lakini ukilipuliwa, zote hupotea. Zawadi zenyewe hubebwa na vifaru vinavyometameta, na usipoiwahi iliyodondoka kabla ya kifaru kingine cha namna hiyo kutokea, inatoweka. Hivyo mchezaji huvutwa aache kulinda ngome akaifuate zawadi, na wakati huo huo tai yuko peke yake.

Tai huyo hufa kwa kombora moja, hata likiwa lako mwenyewe. Ni vigumu kutaja kanuni katili kuliko hiyo katika michezo ya enzi zile, na pia yenye akili kuliko hiyo. Kwa watoto wa Bwera, wazo la ngome kuvamiwa halikuwa hadithi ya mbali: Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, jirani kabisa na mji wao.

Rafiki au mshindani?

Wachezaji wawili hucheza pamoja upande mmoja, wa manjano na wa kijani. Kombora la mwenzako halikuui, ila hukuacha umeganda kwa sekunde kadhaa huku adui wakipita. Mwisho wa kila hatua kioo huonyesha nani amelipua vifaru vingapi, na aliyezidi huongezewa alama 1,000. Wanahitajiana, na bado wanahesabiwa mmoja mmoja. Ugomvi mwingi wa vibandani ulianzia hapo, na bila shaka waliousanifu mchezo walijua walichokuwa wakifanya.

Ardhi nayo ina lugha yake. Matofali humegeka kipande kwa kipande, kwa hiyo kila kombora lililokosa linafungua njia, pengine kwa adui. Miti huficha. Barafu huteleza. Maji huzuia vifaru lakini hayazuii makombora, jambo ambalo mkazi wa mpaka unaofuata mto Lhubiriha halihitaji maelezo.

Umeme ukikatika

Mchezo haukuwa na namna ya kuhifadhi maendeleo. Umeme ukikatika, rekodi ya juu ilirudi kwenye 20,000 kana kwamba hakuna aliyewahi kucheza. Hata hivyo, kwenye kioo cha kijivu cha mwanzo mchezaji angeweza kuchagua kuanzia hatua yoyote kati ya 35, siri iliyojulikana na wachache waliothubutu kubonyeza vitufe kabla ya wakati.

Palikuwa pia na sehemu ya kujichorea uwanja: matofali hapa, mto pale, kisha kuucheza. Mashine ilipozimwa, ramani hizo zilifutika zote. Kwenye programu za simu zinazoiga Famicom sasa zinaweza kuhifadhiwa, ingawa kidole kwenye kioo kilaini hakikamati kona kama kilivyokamata kwenye pedi ya zamani.