Simu za Biashara na Njia za Akiba

Zamani kila simu ilipewa njia yake peke yake mpaka wasemaji wamalize. Siku hizi makampuni mengi yenye matawi miji mbali mbali, kama Nairobi na Mombasa, hupitisha sauti katika njia ile ile ichukuayo barua na hesabu za kompyuta. Gharama hupungua, lakini njia hiyo ina kiasi chake.

Simu moja ya kipimo kiitwacho G.711 huhitaji kilobiti 80 hivi kwa sekunde kila upande. Basi, sauti zikitengewa kilobiti 800, simu 10 zatosha. Ikiingia ya 11, si hiyo peke yake itakayoharibika. Zote zaweza kukatika-katika, na mteja aagizaye magunia sitini huenda akaandikiwa sita.

Kwa sababu hiyo mtambo wa simu huwekewa mpaka. Huhesabu simu zinazoendelea, na ile ya 11 huipeleka kwenye njia ya akiba, yaani nyaya za simu za umma. Mpigaji hana haja ya kupiga tena, kwani mtambo wenyewe huongeza tarakimu zinazohitajiwa. Waya mmoja wa aina ya E1 huchukua simu 30 kwa wakati mmoja.

Njia ya akiba huongeza malipo, lakini agizo lililokosewa huweza kuleta hasara kubwa zaidi. Yafaa ijaribiwe mara kwa mara, wala isipite katika mtaro mmoja na ile ya kwanza, maana pigo moja la sururu laweza kuzikata zote mbili.