Farasi wa Njoro

Ufugaji wa farasi wa mbio nchini Kenya ulishika mizizi katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, na kimojawapo cha vitovu vyake vya mwanzo kilikuwa Njoro. Ukitokea Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, Njoro iko ng'ambo ya Msitu wa Mau, upande wa kaskazini mashariki. Mito ya pande zote mbili huchimbuka katika msitu huo: Amala hushuka kuelekea Mara, nao Mto Njoro huishia Ziwa Nakuru. Hata hivyo, Wakipsigis wa upande wa Amala hawakufuga farasi. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe, na mizigo yao ilibebwa na punda.

Kulikuwa na sababu nzito. Katika nyanda za chini kusini mwa Mulot walikuwako mbung'o, ambao huambukiza wanyama malale. Juu ya hayo kuna homa ya farasi ya Afrika, ambayo punda huistahimili na pundamilia huibeba bila kuugua, lakini farasi mgeni huweza kufa kwa siku chache tu. Mashimo yaliyo juu ya macho huvimba, mapafu hujaa maji, na povu jeupe humtoka puani. Wafugaji wa zamani hawakujua chanzo chake, ila waliona kwamba farasi aliyelala nje ndiye aliyekufa. Kwa hiyo waliwafungia bandani kabla ya giza kuingia na kuwatoa umande ulipokauka. Walikuwa sahihi, maana katika miaka ya 1940 utafiti wa Afrika Kusini ulithibitisha kwamba ugonjwa huo huenezwa na usubi wanaoruka usiku. Njoro ina baridi ya usiku, jambo linalowapunguza wadudu hao. Ndiyo maana farasi waliweza kuishi huko.

Hali ya hewa peke yake haikutosha. Ilihitajika ardhi, nayo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodishia mlowezi Lord Delamere ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, akaliita shamba lake Equator Ranch. Mwaka uliofuata Wamaasai walitiwa katika mkataba uliowaondoa sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na wengi wakapelekwa Laikipia. Mkataba wa 1911 uliwahamisha tena kutoka Laikipia kwenda kusini, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Narok, ng'ambo tu ya Amala. Historia ya farasi wa Njoro haisimuliki kwa haki pasipo uhamisho huo.

Jirani ya Delamere alifika Kapteni Charles Clutterbuck mwaka 1904. Alifyeka msitu, akajenga kinu cha kusaga nafaka na kiwanda cha kupasua mbao, akaanza kuzalisha na kufunza farasi wa mbio. Kinu ndicho kilicholisha mabanda. Wenye mashamba walihesabiwa kwa vidole, lakini wafanyakazi walikuwa wengi, kutoka jamii mbalimbali, na pamoja nao walikuwa Wakalenjin. Saisi aliamka kabla ya jua, akasugua farasi, akakagua kwato na miguu, akapima chakula, akamtoa mazoezini. Jike lilipokaribia kuzaa, alikesha nalo.

Beryl, binti wa Clutterbuck ambaye baadaye alijulikana kama Beryl Markham, alikulia humo na watoto wa Kikalenjin na kujifunza lugha yao. Katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night, ameeleza jinsi alivyomzalisha jike aitwaye Coquette na kupewa yule mtoto wa farasi, Pegasus. Masaisi waliokesha katika mabanda yale hawakuacha vitabu. Ujuzi wao umehifadhiwa kidogo mno, na hilo ni pengo kubwa katika historia ya kazi nchini.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mwaka 1914, walowezi waliunda kikosi cha wapanda farasi na kwenda nacho mpakani mwa koloni la Wajerumani lililokuja kuitwa Tanganyika. Mbung'o na maradhi viliwaua farasi wengi kuliko risasi.

Njoro yenyewe iliangushwa na unga. Clutterbuck alikuwa ameweka mkataba na serikali wa kusaga na kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Mvua ikakosekana, bei ya nafaka ikapanda kupita ile aliyoahidi kuuzia, naye akatimiza mkataba kwa hasara. Mwaka 1920 thamani ya rupia ilipandishwa kutoka shilingi moja na peni nne hadi shilingi mbili za Uingereza, na wenye madeni ya rupia waliouza mazao nje wakaona madeni yao yamekuwa mazito kwa nusu nzima. Shamba likauzwa, farasi wakatawanyika, na Clutterbuck akaenda Peru kufunza farasi wa watu wengine.

Beryl alimpanda Pegasus hadi Molo, akaanza kazi ya ukufunzi akiwa bado msichana. Rafiki yake wa utotoni, arap Ruta, alimfuata huko na kufanya naye kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1926 farasi waliyemwandaa, Wise Child, alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi akiwa na miguu iliyokwisha kuumia. Katika miaka ya 1950 na 1960 Beryl alikuwa tena miongoni mwa wakufunzi wakuu nchini.

Kufikia wakati huo mashamba yalikuwa yakibadilisha wenyewe. Kuanzia mwaka 1962, Mpango wa Ekari Milioni Moja ulinunua mashamba ya walowezi ili kuwapa Waafrika makao, na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi vikanunua mengine. Mwenye ekari tano na watoto wa kusomesha hupanda mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa farasi wa mbio hula mwaka mzima bila kuzalisha chochote cha mezani. Mbio nazo zilififia mikoani na kubaki Ngong, Nairobi, katika uwanja uliofunguliwa mwaka 1954. Siku hizi Njoro inajulikana kwa ngano, utafiti wa mimea na Chuo Kikuu cha Egerton, na farasi wa mbio huzalishwa katika mashamba machache tu ya nyanda za juu.