Jalada Kama Matini: Uso Mmoja na Historia ya Haki za Wanawake

Mwalimu wa fasihi hana haja ya kungoja kitabu teule ndipo afundishe usawiri wa wanawake. Jalada la jarida nalo ni matini. Lina mhusika, lina wakati, lina msimulizi aliyejificha, na lina mambo yaliyoachwa nje. Katika makala haya nakuomba, mwalimu mwenzangu, tutazame jalada moja linalotuhusu sisi tunaofundisha Nairobi, kisha tuone linavyoweza kumsaidia mwanafunzi wa Makadara au Kayole kuhakiki kazi ya fasihi.

Mnamo Machi 2020 jarida la TIME la Marekani lilitoa mfululizo wa majalada 100, moja kwa kila mwaka kuanzia 1920 hadi 2019. Kila mwaka ulipewa mwanamke au kundi la wanawake. Nia ilikuwa kurekebisha historia yake lenyewe. Tangu 1927 jarida hilo lilikuwa likiteua 'Mwanamume wa Mwaka', na jina hilo halikugeuzwa kuwa 'Mtu wa Mwaka' hadi 1999. Katika majalada hayo 100, 89 yalitengenezwa upya. Yaliyobaki ni ya zamani ambayo tayari yalikuwa na wanawake. Mwaka wa 2001 ulipewa Wangari Maathai.

Tuanze na umbo. TIME linajulikana kwa mpaka wake mwekundu, ambao limeutumia tangu miaka ya 1920. Mpaka huo ni kama fremu ya hadithi: humwambia msomaji kwamba aliye ndani yake ni mtu wa kukumbukwa. Kwa miongo mingi waliotawala humo walikuwa wanaume, marais na majenerali. Kwa hiyo kumwingiza mwanamke ndani ya mpaka ule ule, na kwa tarehe ya nyuma, tayari ni kauli kabla hata hatujasoma neno lolote. Hapa fani imebeba maudhui, jambo ambalo wanafunzi wetu hulikariri bila kulionea mfano.

Kisha tazama wakati. Wangari alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, lakini mwaka huo katika mfululizo ni wa Oprah Winfrey. Mwanafunzi makini atauliza: mbona 2001? Mfululizo wenye kanuni ya mwaka mmoja kwa jina moja humlazimisha msimulizi kuwasogeza wahusika, kama mtunzi anavyopanga msuko. Mimi naona 2001 inafaa hata kuliko 2004. Huo ni mwaka ambao Wangari alikuwa bado akikamatwa na polisi kwa kupinga unyakuzi wa ardhi na misitu. Jalada la 2004 lingeadhimisha tuzo. La 2001 linamkuta kazini.

Suala zito zaidi ni sinekdoki, yaani sehemu kusimama mahali pa kitu kizima. Uso mmoja unapewa kazi ya kuwakilisha historia ya wengi. Ili uone kinachopotea, fungua mfululizo huo kwenye miaka miwili: 1922 na 1992. Wa kwanza ulipewa Xiang Jingyu, mwanamapinduzi wa China. Wa pili ulipewa Sinéad O'Connor, mwanamuziki wa Ireland aliyerarua picha ya Papa kwenye televisheni. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Lakini ni nini kilichotokea Nairobi katika miaka hiyo?

Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukidai Harry Thuku, aliyekamatwa siku mbili kabla, aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake juu ya mabega, akawaambia wachukue rinda lake wampe suruali zao. Polisi walifyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Miaka 70 baadaye, mwishoni mwa Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwamo Monica Wangu Wamwere, walianza kususia chakula katika bustani ya Uhuru Park. Wangari alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya kutoa machozi, Wangari akazirai. Baadhi ya wazee hao walivua nguo mbele ya askari, tendo ambalo katika mila ni laana ya mama kwa mwanawe. Walihamia katika kanisa la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi karibu wafungwa hao wote wakaachiliwa.

Usimruhusu mwanafunzi aseme kwamba jalada haliwezi kubeba umati. Mfululizo huo huo unaufungua mwaka wa 1920 kwa wanawake waliodai haki ya kupiga kura, kwa pamoja, na wa 1955 kwa abiria waliogomea ubaguzi katika mabasi ya Montgomery. Msimulizi alijua kusawiri kundi. Kwetu alichagua mtu mmoja.

Nasi hufanya vivyo hivyo. Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa ikitahiniwa, majibu yalijaa ujasiri wa Tunu. Ashua, aliyetiwa ndani, alipewa sentensi mbili, na wachuuzi wa soko lililofungwa hawakupewa hata moja. Kwa watoto wa Eastlands hasara hiyo iko karibu zaidi. Mitaa mingi ya halmashauri ilijengwa kwa kumfikiria mfanyakazi wa kiume anayekuja mjini bila mke. Lakini Pumwani, tangu miaka ya 1920, wanawake wengi walijenga na kumiliki nyumba zao wenyewe, wakapangisha. Hiyo ni historia ya haki. Hakuna uso mmoja wa kuichora.

Zoezi ninalolipendekeza ni rahisi: wape wanafunzi karatasi yenye mpaka mwekundu na mwaka 1992, wachore, kisha watetee walichokiacha nje. Jiandae kwa ubishi kuhusu kuvua nguo. Ukiuchora mwili, laana inageuka kuwa kitu cha kutazamwa na kuchekwa. Usipouchora, umelifuta tendo lenyewe. Darasani kwangu binti mmoja alichora askari tu, wote wamegeuza nyuso wasione, na kina mama hawamo kabisa kwenye karatasi. Nusu ya darasa ilisema amewafuta. Nusu nyingine ilisema hakuna aliyewaonyesha vizuri kuliko yeye. Kipindi kiliisha kabla hawajakubaliana, na alama nilizompa bado wanazijadili.