UNAKWENDA HIJA? TAYARISHA VAZI NA MWILI

Ndugu msomaji, mtu akitaka kusafiri kwenda nchi ya mbali, hupenda aonekane mpya. Hununua kanzu na viatu vipya. Mwingine huuza hata mbuzi ili apate nguo za safari. Lakini anayekwenda kuhiji Makka, nchini Saudi Arabia, hahitaji nguo za fahari. Kazi yake kubwa ni kujikinga na jua na maradhi.

Vazi la ihramu

Mwanamume huvaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa. Moja huifunga kiunoni kama kikoi. Ya pili hujitanda mabegani. Shuka hizi hazina mikono wala vifungo. Kwa vazi hili tajiri na maskini huonekana sawa. Mwanamke huvaa nguo zake za kawaida za heshima, ila havai nikabu usoni.

Aliyekwisha kuingia katika ihramu hatii marashi. Hakati nywele wala kucha. Mwanamume havai kofia wala kilemba.

Jaribu kuvaa shuka hizo ungali nyumbani. Jifunze kuzifunga na kutembea nazo. Fedha na pasipoti yako ziweke katika mkanda wenye mfuko. Mkanda huo unaruhusiwa.

Jihadhari na jua

Je, mwanamume atajikingaje na jua ikiwa haruhusiwi kuvaa kofia? Atumie mwavuli. Mwavuli haugusi kichwa, kwa hiyo unaruhusiwa. Usiusahau!

Mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba watu zaidi ya 1,300 walikufa wakati wa Hija hiyo. Wengi wao walikwenda bila kibali. Walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Kwa hiyo pata kibali kwanza. Kunywa maji mara kwa mara, hata kabla hujasikia kiu. Pumzika kivulini.

Viatu

Kuna kutembea kwingi. Mwendo wa mara 7 kati ya Safa na Marwa peke yake ni karibu kilometa 3. Nunua makubadhi mapema, uyavae kijijini kwa majuma kadhaa. Kiatu kipya huchubua mguu. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, kwa sababu kidonda chake hakiponi upesi.

Wembe wako mwenyewe

Mwisho wa ibada mwanamume hunyoa kichwa au hupunguza nywele. Mwanamke hukata ncha tu za nywele zake. Usikubali kunyolewa kwa wembe uliokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Damu kidogo iliyobaki kwenye wembe yaweza kuleta homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Chukua wembe wako mpya. Uweke katika mzigo mkubwa, kwani hauruhusiwi ndani ya mfuko wa mkononi kwenye ndege.

Chanjo

Kila hujaji hutakiwa kuchanjwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Ichanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Usingoje siku ya mwisho. Nenda hospitali mapema, na cheti cha chanjo ukitunze pamoja na pasipoti.

Ndugu msomaji, kama wewe huendi mwaka huu, msomee habari hii mzee wako au jirani anayejitayarisha. Kinga ni bora kuliko tiba.