Picha nzito zinamaliza bando ya mteja kabla hajafika kwa till yako

Tuseme wewe ni mmoja wa kina mama wanaosuka vyondo pale Kola, huku Kalama. Kikundi chenu kimechoka kumngoja yule mnunuzi wa jumla anayekuja na bei yake tayari mfukoni, kwa hivyo mmefungua duka dogo la mtandaoni. Kijana wa mmoja wenu ametengeneza tovuti, nambari ya till imewekwa, picha 40 zimepigwa kwa simu na kupandishwa. Wiki ya kwanza watu wanaingia. Wiki ya pili mteja anapiga simu kutoka Nairobi: "Mama, hiyo duka yenu inazunguka tu. Bando yangu imeisha na sijaona kiondo hata kimoja." Kabla mwezi haujaisha tovuti yenyewe inazimika, na anayeifungua anakutana na ukurasa mweupe wenye nambari 509.

Ukiangalia taarifa ya till, hakuna kitu. Hakuna malipo yaliyokwama, hakuna aliyekosea PIN. Pesa haikuanza safari.

Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo mauzo yakipungua jicho letu hukimbilia kitufe cha kulipa. Mara nyingi kasoro haiko hapo. Ule ujumbe unaotokea kwa simu ya mteja ukimwomba PIN unapitia kwa laini. Hauli bando yake. Kilicho kizito ni picha anazolazimika kuvuta kabla ya kufika kwenye kitufe hicho.

Hesabu yenyewe

Kamera ya kawaida ya simu, ile ya megapikseli 12, hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000. Uzito wake mara nyingi ni kati ya MB 3 na MB 5. Tuchukue 4. Ukurasa wenye picha 40 za namna hiyo una MB 160. Mteja mwenye bando ya MB 250 akifungua duka lako mara moja na kuteremka hadi mwisho, anabaki na MB 90, na hajanunua kitu.

Upande wako nako kuna mita inayozunguka. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti huuza vifurushi vyenye kikomo cha data inayotoka kwa mwezi. Tuseme chenu ni cha GB 10. Gawanya kwa MB 160: ukurasa ukifunguliwa mara 62, kifurushi kimekwisha. Hatusemi wateja 62 walionunua. Tunasema mara 62 za kufungua, pamoja na zile zako mwenyewe ukimwonyesha jirani. Kutoka hapo ama unatozwa zaidi, ama tovuti inafungwa hadi mwezi mpya. Ile nambari 509 ndiyo maana yake.

Na ulikuwa umelipa tayari siku ya kupandisha: MB 160 kutoka kwa bando yako, tena kwenye vilima ambako ukihama kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine mtandao nao unabadilika.

Sasa, skrini ya simu nyingi ina upana wa pikseli 720 hadi 1080. Picha ya pikseli 4000 haiwezi kuonekana yote hapo. Simu inaivuta nzima, kisha inaikunja itoshee. Ni kama mtu ameitisha gorogoro moja ya mahindi ukampelekea gunia zima, akalilipia boda, halafu akachota gorogoro moja na kuacha mengine.

Punguza kabla ya kupandisha

Kosa tunaloliona sana ni hili: mtu anapandisha picha kubwa, kisha anaenda kwenye mipangilio ya tovuti na kuandika upana mdogo. Picha inaonekana ndogo, anafurahi. Lakini uzito haujaguswa. Ni ile ile MB 4, ila imeonyeshwa kwa dirisha dogo. Upunguze faili yenyewe, ukiwa bado na simu mkononi.

Kwa kila bidhaa tengeneza saizi mbili. Ya kwanza ni kijipicha cha upana wa pikseli 400 hivi, cha kukaa kwenye orodha ya vyondo vyote; hiki huweza kushuka hadi karibu KB 30. Ya pili ni picha ya pikseli 1200, ya kufunguka mteja anapobonyeza kiondo kimoja. Hii mara nyingi itakuwa kati ya KB 150 na KB 250. Rudia hesabu. Vijipicha 40 vya KB 30 ni MB 1.2. Kifurushi kile kile cha GB 10 sasa kinatosha orodha kufunguliwa zaidi ya mara 8,000, badala ya 62. Atakayependa kiondo fulani ataongeza KB 200 hivi kukitazama kwa karibu, na huyo ana nia ya kununua.

Chombo cha bure tunachokipendekeza ni Squoosh, kilichotengenezwa na watu wa Google. Kinafunguka kwenye kivinjari, na kazi yote inafanyika ndani ya simu au kompyuta yako. Picha haitumwi popote, kwa hivyo hukatwi data ya kuipandisha kwanza ndipo ipunguzwe. Chagua upana, chagua ubora, nacho kinakuonyesha picha ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu pamoja na uzito wa kila moja.

Huna muda? Jitumie picha kwa WhatsApp, kisha uihifadhi. WhatsApp hupunguza picha za kawaida yenyewe. Angalia tu usiitume kama HD wala kama hati, maana hizo hubaki nzito. Na usiizungushe mara tatu nne, kwa sababu kila mzunguko unakula ubora. Picha ya asili iache kwenye simu.

Faida nyingine, na hii inahusu usalama wako: picha kutoka kwa kamera inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, yaani nyumbani kwako. WhatsApp na Squoosh huondoa taarifa hiyo. Mtu anayejulikana kupokea pesa kwa simu hana haja ya kutangaza boma lake.

Kiondo na ukuta

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hawaangalii. Picha mbili za saizi moja, kutoka kwa simu moja, zinaweza kutofautiana uzito sana. Kwa nini? Fomati ya JPEG, ambayo simu nyingi hutumia, hukata picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8. Mraba wenye rangi moja tulivu unaandikwa kwa data kidogo sana. Mraba uliojaa vitu vidogo vidogo unadai data nyingi.

Sasa fikiria kiondo kimewekwa juu ya nyasi, au kwenye kokoto, au juu ya leso yenye maua, na nyuma yake kuna ua wa miti. Kila jani na kila jiwe linaandikwa. Mteja wa Nairobi analipia bando ya kusafirisha nyasi za Kola! Kitundike kiondo hicho hicho mbele ya ukuta mtupu, au shuka ya rangi moja, kivulini asubuhi, na faili itashuka kabla hujagusa programu yoyote.

Ila kiondo chenyewe hakitakuwa chepesi kabisa, na usikilazimishe. Mkonge uliosukwa ni maelfu ya nyuzi, na nyuzi hizo ndizo unazouza. Majirani zenu wa Wamunyu wanaochonga mbao wana bahati kidogo hapo: mnyama aliyepigwa msasa akang'aa ana sehemu nyingi tulivu, anakubali kubanwa zaidi. Mnunuzi wa kiondo anataka kuona msuko umebanana kiasi gani, mistari ya rangi imenyooka vipi, ngozi ya mshipi imeshonwa namna gani. Kwenye kipimo cha ubora cha 100, sisi tungebaki kwenye 75 hadi 80. Ukishuka chini ya 50, nyuzi zinaanza kupakana kama uji na rangi zinatia madoa ukingoni. Mteja akishindwa kutofautisha mkonge na nyuzi za plastiki, ama halipi, ama analipa kwa wasiwasi na kesho anadai arudishiwe pesa. Pesa za kurudisha ni kichwa kuuma kwenu na kwetu.

Kwa hivyo mpangilio wetu ni huu: punguza upana kwanza, safisha nyuma ya bidhaa, na ubora uuguse mwisho.

Kuhusu fomati, PNG haifai kwa picha za kamera. Ni nzuri kwa nembo na maandishi, lakini picha ya kiondo katika PNG itakuwa nzito kuliko JPEG. WebP, ambayo Google waliitoa mwaka wa 2010, kwa kawaida huwa nyepesi kuliko JPEG kwa ubora ule ule, nayo inafunguka kwenye vivinjari vyote vya siku hizi. Squoosh inaweza kukugeuzia.

Mambo ya kumwambia kijana wa tovuti

Kama duka limejengwa kwa WordPress, mengi yamo tayari, mradi toleo lisiwe la zamani. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2015 hutuma saizi inayokaribiana na skrini ya mteja, tangu 5.5 la 2020 picha za chini ya ukurasa husubiri hadi mteja azikaribie, na 5.8 la 2021 likaanza kupokea WebP. Mwombe pia aweke agizo la kivinjari kuhifadhi picha kwa muda mrefu, hata mwaka, ili mteja akirudi kesho asizivute upya. Ukibadilisha picha, ipe jina jipya, la sivyo ataendelea kuona ya zamani.

Na azuie tovuti nyingine kuonyesha picha zako moja kwa moja kutoka kwa duka lako. Wanaofanya hivyo wanatumia data unayoilipia wewe. Wengine ni wabaya zaidi: wanaweka vyondo vyako na till yao. Ukikuta duka la namna hiyo, piga picha ya skrini ikionyesha nambari hiyo ya till, utupigie siku hiyo hiyo.

Kupima ni rahisi. Fungua mipangilio ya simu, tazama Chrome imetumia data kiasi gani, zima WiFi, kisha fungua duka lako kwenye dirisha la faragha na uteremke hadi mwisho. Rudi utazame tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mteja wako anayolipa kila anapoingia kwa mara ya kwanza. Ikizidi MB 3, anza na picha iliyo juu kabisa ya ukurasa, ile kubwa ya kikundi chote mkiwa mmesimama mbele ya kilima. Mara nyingi ni hiyo.