Nchi Jirani: Kenya Yawalinda Nyuki, na Mshika Bomba Je?

Ndugu wafanyakazi wa mashambani, safari hii tunawatazama jirani zetu wa Kenya, wanaopambana na jambo linalotuhusu sote: dawa za kuua wadudu waharibifu, ambazo huua pia nyuki.

Kazi ya nyuki si asali tu. Yeye hubeba chavua kutoka ua hadi ua ili tunda litungwe. Tikiti maji lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Asipopita mdudu, hakuna tunda. Pasheni hutegemea yule mdudu mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba. Wakifa hao, mkulima hupata hasara na kibarua hukosa mavuno ya kuchuma.

Sumu huwafikia kwa njia mbili. Kwanza, kunyunyiziwa mchana wakiwa mauani. Pili, dawa za jamii ya neonikotinoidi hunyonywa na mmea zikafika hadi kwenye chavua na majimaji matamu ya ua. Nyuki asiyekufa papo hapo huweza kupotea njia, asirudi mzingani. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za jamii hiyo kutumika katika mashamba ya wazi.

Kenya haikuiachia wizara moja kazi hii. Chini ya sheria ya mwaka 1982, ipo bodi ya serikali inayoandikisha dawa kabla hazijauzwa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, kilifungua maabara ya afya ya nyuki mwaka 2014 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kwa kushirikiana na Umoja wa Afrika. Mwaka 2019 ombi lilifikishwa Bungeni kutaka dawa hatari ziondolewe, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kuziondoa sokoni baadhi yake.

Hatua hizo tunazipongeza. Lakini marufuku haimalizi kazi, kwa kuwa dawa zinazobaki sokoni bado hupulizwa na mtu. Wataalamu hushauri kupuliza jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Ushauri huo ni mzuri, ila jioni ni saa ya mfanyakazi kurudi nyumbani. Nani atamlipa? Na sumu inayomwua nyuki humdhuru pia mwenye bomba mgongoni.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Serikali, wataalamu na wafadhili wanapokaa kujadili nyuki, sisi tunadai:

(a) wawakilishi wa wafanyakazi nao wawe na kiti;

(b) upulizaji wa jioni ulipwe kama saa za ziada, na usafiri uwepo;

(c) maelezo ya chupa yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka;

(d) glavu, buti na barakoa zitolewe na mwajiri, zisikatwe kwenye mshahara;

(e) wafuga nyuki wa jirani waarifiwe kabla ya siku ya kupuliza.

Tawi lolote linalojadiliana mkataba mwaka huu liyaingize madai haya mezani. Nyuki hana chama. Sisi tunacho.