Kuajiri, Kusajili au Kuandikisha?

Katika habari zetu kuna sentensi inayojirudia: Al-Shabaab "wanaajiri vijana". Sarufi yake haina kasoro. Shida iko kwenye ujira. Kuajiri na ujira yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu, na mwajiri ni mtu anayelipa. Wapo vijana wanaorubuniwa kwa ahadi ya mshahara, ni kweli, lakini wapo wanaovutwa na mahubiri au na rafiki, na wapo wanaochukuliwa kwa nguvu. Mwandishi na aseme kilichotokea: wameshawishiwa wajiunge, wameingizwa kundini, au wametekwa. Kitenzi kimoja kikitumika kwa wote, aliyetekwa anageuka mfanyakazi.

Kusajili nako kumetoka Kiarabuni, kwenye neno la daftari rasmi la kumbukumbu. Ndiyo maana laini ya simu, kampuni na gari husajiliwa, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojiunga na kitu. Mashabiki wa soka wamelinyoosha neno hili hadi likameza bei, uhamisho na mkataba. Yanga au Simba "imesajili" mshambuliaji tangu picha ya uwanja wa ndege inapoanza kuzunguka mitandaoni, hata kama jina halijafika kwenye shirikisho. Silioni kuwa kosa. Ni lugha ya kijiweni, na kijiwe kina haki zake.

Kwa uanachama wa ushirika, darasa la kwanza au daftari la wapiga kura, ninapendelea kuandikisha. Kuandika kwenyewe kuna umri mkubwa kuliko ofisi zetu, na kulibeba maana ya kupanga: hata leo wapo wanaoandika meza bila kushika kalamu. Wazee husema pia fulani "ameandikwa kazi" bandarini. Ila andikisha ina pande mbili. Karani anaandikisha watoto, na mama naye anaandikisha mtoto wake. Mmoja ana daftari, mwingine ana mtoto. Sentensi isipoonyesha ni nani, msomaji atakisia. Hiari ikiwapo, kiambishi -ji- kinaisema wazi: amejiandikisha.

Jeshini kuna kuruta, neno la Kiingereza cha kambini lililodondosha silabi yake ya kwanza njiani. Anayeripoti Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1963, huitwa hivyo hadi amalize mafunzo. Neno hilo linataja hatua ya mtu, wala halisemi lolote kuhusu alivyoingia: kwa hiari au kwa mujibu wa sheria, gwaride ni lilelile. Tena halijazaa kitenzi. Hakuna afande anayemkuruta mtu.

Wakoloni walituachia na maneno mengine ya namna hii, mazito zaidi. King's African Rifles, iliyoundwa mwaka 1902, ikawa Keya midomoni mwa watu. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kimebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wengi wa wapagazi hao walikamatwa vijijini, na maelfu kwa maelfu walikufa, hasa kwa maradhi. Kusema "waliajiriwa" kwa sababu tu walipangiwa posho ni kuwakosea.

Manamba ndilo linalonivutia kuliko yote. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kibarua wa mkataba aliyetolewa mbali alipewa namba, na namba ikawa jina lake. Wakulima wa mkonge waliunda mwaka 1944 ofisi maalumu ya kuwakusanya, SILABU, yenye mawakala hadi mikoa ya mbali. Mkataba ulikuwapo na ujira ulikuwapo, hivyo kuajiri kungefaa kikamusi. Walioishi mambo hayo walichagua namba. Nchini Kenya neno hilohilo limehamia kwenye matatu: manamba ni kijana wa kituoni anayeita abiria, na siku hizi yeye ndiye anayewakusanya wengine.